Doa jeusi kwenye jino linalong'aa

Mtanisamehe wadau, wiki nzima sijaandika. Niling'olewa jino Jumatano, na daktari akanipa sentensi moja ambayo bado inanisumbua: ungekuja mapema tusingefika huku. Mapema kiasi gani? Nikaingia kusoma.

Kumbe jino hung'aa. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, aliita floresensi ile tabia ya vitu kumeza mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine. Jina alilitoa kwenye jiwe la fluospa. Mwaka 1911 Hans Stübel wa Ujerumani akaeleza jinsi tishu za wanyama, meno yakiwemo, zinavyong'aa zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno.

Madaktari wa meno, hata hivyo, waliendelea kuchokoachokoa kwa kile chuma chenye ncha kali. Ikinasa, jino limeoza. Tatizo ni kwamba uozo unapoanza hakuna tundu. Kuna doa jeupe tu, madini yamepungua chini ya utando mwembamba ambao ncha hiyo hiyo inaweza kuutoboa! Eksirei nayo huliona likiwa limeshakomaa.

Mwaka 1982 Hans Bjelkhagen na wenzake nchini Sweden walichapisha utafiti wa kumulika meno kwa leza. Sehemu nzima iling'aa, sehemu iliyopoteza madini ikaonekana nyeusi, kwa sababu pale mwanga hutawanyika kabla ya kufika ndani. Kwa mara nyingine tena, giza ndilo lililotoa habari.

Mwaka 1998 kampuni ya KaVo ya Ujerumani ikaleta DIAGNOdent, kifaa kinachotumia mwanga mwekundu na kusoma namba kuanzia 0 hadi 99. Hapa mambo yamegeuka: palipooza ndipo hung'aa zaidi, kutokana na mabaki ya bakteria. Mimi namba hizo zinanitia wasiwasi. Madoa ya chai na ukoga mgumu navyo huzipandisha, na daktari mwenye haraka anaweza kuchimba jino zima kwa kuamini kioo. Wakati doa jeupe lenyewe linaweza kurudishiwa madini kwa dawa ya meno yenye floridi (ndugu wa lile jiwe la Stokes) na kupunguza sukari, bila kuchimba chochote.

Jino langu lilikuwa na tundu la kuingia njiti ya kiberiti. Halikuhitaji leza.