Mapacha kwa Bei ya Mtoi Mmoja? Soma Hii Kabla Ushawishi Daktari wa IVF

Ukiskia bei ya IVF hapa Nairobi, laki kadhaa kwa raundi moja tu, kitu ya kwanza inakujia ni: "Daktari, si uweke watatu tumalizane mara moja?" Wengi huomba hivyo. Daktari fiti atakukatalia.

IVF inaenda hivi: mayai ya mama yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu za baba kwa maabara, alafu siku chache baadaye kiinitete kinarudishwa kwa tumbo la uzazi. Sasa ukiweka vitatu ukitarajia kimoja kishike, vinaweza shika vyote. Hakuna kurudisha.

Cheki story ya Nadya Suleman wa California, yule Wamarekani walimbandika jina Octomom. Tayari alikuwa na watoi 6. Daktari wake akamwekea viinitete 12, na Januari 2009 akajifungua watoto 8, wiki 9 kabla ya wakati. Mdogo kabisa hakufika hata gramu 700. Wote waliishi, na manze hiyo ilikuwa bahati ya ajabu. Daktari alipokonywa leseni 2011.

Lakini si lazima wafike 8 ndio iwe noma. Mimba ya kawaida huenda wiki 40. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na watatu kwa pamoja huja kitu wiki 32 ama 33, mapafu bado hayajakomaa. Hapo ni inkyubeta, na bili inapanda kila siku. Ile doh ulidhani umesevu imeenda. Mama naye anaweza pata presha ya mimba, sukari, ama avuje damu sana akijifungua.

Ndio maana kliniki nyingi huweka kimoja, vingine vinagandishwa. Mama wa miaka 40 hivi anaweza wekewa viwili, juu mayai ya umri huo hushika kwa shida.

Alafu kuna hizi tembe za Clomid, zile beshte yako anakushow ununue tu kwa chemist. Zinaweza fanya mayai mawili ama zaidi yakomae mwezi mmoja. Daktari akikupea, anakupiga skani ahesabu, na yakiwa mengi anawaambia mkae mbali kitandani mwezi huo. Ukijinunulia, hakuna mtu anahesabu.

So ukiingia kliniki uliza: mnaweka vingapi, kugandisha ni ngapi kwa mwaka, na watoi wakikuja mapema inkyubeta iko hospitali gani?