Njia ya Kasumbalesa haikuanza na sisi
Mu mitaa ya Lubumbashi batoto betu bangali banaitwa "ba Zambie", juu balizaliwa ng'ambo. Tukumbuke nani alipita hapa mbele yetu.

Mpaka huu Waingereza na mfalme Leopold II waliupatania mwaka 1894, wakafuata mgongo wa inchi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi. Batu walikuwa pande zote mbili, hakuna aliyewauliza. Reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910, Union Minière ilikosa mikono. Kampuni ya Robert Williams ikawaandika wafanyakazi Rhodésie du Nord, wakapanda kwetu kuchimba shaba. Migodi ya kwao ilipofunguka, na krizi ya 1931 ikafika, wengi walirudi kusini. Maneno yao ya Kibemba tungali nayo mudomoni, hata bale banaotucheka.

Sisi vita vilitusukuma ngambo: Kala, Mwange, kisha Mantapala. Desemba 2021 wenzetu wa Mantapala balianza kurudia Pweto.

Michango ya mwaka huu itaanza na makaratasi ya batoto. Mwenye cheti cha kuzaliwa cha Zambia asikitupe, akilete.