Lantana Iliingilia Mlango wa Mbele

Sisi wa Eastlands tuliijua lantana kabla hatujajua jina lake. Ilijibana kando ya kayaba kwenye ua wa jirani, manjano na waridi kichwa kimoja, na vile vitunda vyeusi tulikula tukitoka shule. Hakuna aliyetuambia ni mgeni.

Mimi niliambiwa Karura, mwaka karo iliponishinda nikaacha chuo. Rafiki alisema wanataka watu wa kujitolea kung'oa magugu Jumamosi. Matatu mbili: mtaani hadi tao, tao hadi Barabara ya Kiambu. Nikapewa glavu na jembe, nikaonyeshwa adui. Kumbe ni yule yule wa kayaba.

Asili yake ni Amerika, ile ya joto. Wazungu waliipenda kama pambo, wakaisambaza bustani kwa bustani kwenye makoloni yao. Haikuruka ua; ilikaribishwa. Na haikuwa peke yake. Nairobi Arboretum ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, maana reli ilikuwa inakula kuni. Mikaratusi ikapita mtihani. Karura ilitangazwa msitu wa serikali 1932, na sehemu kubwa ikaja kupandwa miti ya kigeni. Enzi hizo hizo babu zetu walikuwa wanapangwa huku mashariki, Pumwani, Shauri Moyo, baadaye Kaloleni, kipande shingoni. Upande mmoja wa mji ulipewa msitu, mwingine ukapewa vibarua.

Ya 1999 tunayajua wote. Tarehe 8 Januari Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miche msitu usigawanywe viwanja, wakapigwa na vijana wa kukodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Yaliyofuata hatuyasimulii sana, labda kwa sababu hayana damu: 2009 kikaanzishwa kikundi cha Friends of Karura Forest, na kazi ikawa uzio, doria na magugu. Kamera haiji kwa sababu ya lantana.

Na ni kazi. Panga ni bure, ukikata shina linachipuka; lazima uchimbe mzizi. Ndege wanakula tunda na kudondosha mbegu mbele yako. Ukifyeka ukaacha jua liingie, inarudi, kwa hiyo pale pale unapanda mti wa kienyeji. Muhugu, kwa mfano, ule wachongaji wanaoupenda, lakini unakua polepole mno. Unapanda kobe kushindana na swara.

Aliyenifundisha kuchimba aliniambia ametoka Huruma. Nikafurahi, jirani! Kumbe si Huruma yetu ya karibu na Mathare, ni kijiji cha Huruma pembeni mwa msitu. Aliniuliza kwetu kuna msitu gani. Nikasema kuna mto, halafu nikanyamaza nikichimba.

Nilirudi mtaani mikono imechanika juu ya glavu. Nikamwambia mama jirani ile lantana ya uani ing'olewe, mbegu zake zinabebwa na ndege hadi mbali.

Akaniangalia kama mtu aliyeumwa na jua. "Ng'oa tu, kijana wangu. Lakini kwanza niletee pesa ya ukuta."

Bado iko. Juzi nimeona watoto wakila.