Kifutu Mwenye Pembe na Historia ya Kuwasaka Nyoka Adimu wa Bonde la Ufa

Katika maandishi ya elimu ya wanyama wa Afrika Mashariki, nyoka adimu wamezoeleka kutajwa pamoja na misitu isiyopenyeka, majangwa na milima ya mbali, ilhali mmoja wa nyoka adimu kabisa wa Kenya, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, huishi karibu na barabara kuu na mashamba ya mahindi. Makazi yake ni nyanda za juu za Bonde la Ufa, katika mwinuko unaozidi mita 1,500, kuanzia Kijabe na Naivasha, kupitia Elementaita na Njoro, hadi upande wa Kipkabus karibu na Eldoret. Ndani ya ukanda huo umo mji wa Rongai, ulio umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Nakuru, ambao haupaswi kuchanganywa na Ongata Rongai iliyo pembezoni mwa Nairobi.

Nyoka huyo, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Bitis worthingtoni, ni wa jamii moja na kifutu wa kawaida, au moma kama wengine wamwitavyo, isipokuwa ni mdogo mno: urefu wake kwa kawaida ni kama sentimita 30, na ni nadra kufikia nusu mita. Mwili wake ni mnene, wa rangi ya kijivu, wenye mstari mweupe kila ubavu na mabaka meusi juu na chini ya mstari huo. Kichwa ni bapa, na juu ya kila jicho imechomoza pembe moja, ambayo kwa hakika ni gamba lililorefuka. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Anapojificha penye mawe au chini ya vichaka vya leleshwa, mtu anaweza kupita hatua moja kando yake asimwone, na huenda hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa kwake kuingia vitabuni.

Kuchelewa huko kunastahili kuangaliwa kwa makini. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na tawi lake lililopita Rongai likafika Eldoret mwaka 1924, wakati ambapo ardhi ya pande hizo ilikwisha pimwa, ikazungushiwa nyaya na kugawiwa walowezi. Hata hivyo kifutu mwenye pembe hakuwa na jina la kisayansi hadi mwaka 1932. Aliyempa jina ni Hampton Wildman Parker wa Makumbusho ya Uingereza jijini London, baada ya kuchunguza mkusanyiko ulioletwa na msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliozuru maziwa ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na 1931. Msafara huo haukuja kutafuta nyoka. Kiongozi wake, Edgar Barton Worthington, alikuwa mtaalamu wa samaki na maji ya maziwa, lakini kwa desturi ya enzi hizo heshima ya jina ilimwendea yeye, na Ziwa Naivasha likaandikwa kuwa mahali pa kielelezo asilia, maana yake nyoka yule mmoja anayehifadhiwa ili wengine wote walinganishwe naye.

Katika msafara huohuo alikuwamo mwanajiolojia Vivian Fuchs, ambaye mwaka 1934 alirudi na msafara wake mwenyewe hadi Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf wakati huo, ambako wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini wasionekane tena. Mkasa huo wafaa kukumbukwa kila panapozungumzwa hatari za kazi hii, kwa sababu historia ya kanda hii haionyeshi kwamba meno ya nyoka ndiyo yaliyotisha zaidi, bali maji, kiu na silaha za watu. Bonde la Suguta, ambako makumi ya askari polisi waliuawa Novemba 2012 wakifuatilia mifugo iliyoibwa, si mahali ambapo mtafiti aweza kupindua mawe usiku akiwa na tochi, fimbo ya kulabu na mfuko wa kitambaa.

Kusini zaidi, Baringo, utafutaji ulichukua sura ya biashara. Jonathan Leakey, mtoto wa kwanza wa Louis na Mary Leakey, ambaye mwaka 1960 aligundua mabaki ya binadamu wa kale huko Olduvai, aliacha visukuku akahamia kando ya Ziwa Baringo, akawa anafuga nyoka na kukamua sumu yao kwa ajili ya maabara. Huko huko Baringo, kama ilivyo katika pwani ya Watamu, anaishi swila mkubwa mwenye kutema sumu, ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa aina tu ya swila mwingine. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, alishikilia kwamba huyo ni spishi ya peke yake. Alifariki mwaka 2004, na mwaka 2007 Wüster na Broadley wakamthibitishia kwa kumwita nyoka huyo Naja ashei. Ashe mwenyewe, mwaka 1968, alikuwa amempa jina kifutu wa mitini wa Chuka, Atheris desaixi, kwa heshima ya Frank De Saix, Mmarekani wa kujitolea aliyempata.

Umaarufu wa aina hii umeleta balaa lake. Mwaka 2011 wataalamu waliomtangaza Atheris matildae wa Tanzania walikataa kutaja mahali hasa anapoishi, wakiwahofia wafanyabiashara wa wanyama, na uamuzi huo, ingawa unakwenda kinyume na kanuni ya sayansi kuweka ushahidi wazi, ulikuwa sahihi. Kenya nayo, mwaka 2016 mjini Johannesburg, iliomba na kukubaliwa kwamba kifutu mwenye pembe na yule wa Chuka waingizwe katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivi kwamba hawawezi kuvushwa mpaka kihalali bila kibali.

Mkataba huo, hata hivyo, hauzuii jembe wala moto wa kusafishia shamba, na hakuna dawa iliyotengenezwa mahususi kwa sumu ya nyoka huyu. Kwa hiyo mkulima wa Rongai, Njoro au Molo atakayekutana na nyoka mfupi mwenye pembe juu ya macho asimshike wala asimpige. Ampige picha kwa mbali, aandike mahali na tarehe, kisha aipeleke taarifa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) au Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Akiumwa, atulie, asichanje jeraha wala kulifunga kamba, na apelekwe hospitali mara moja.