Ufunguo, Kufuli na Komeo: Historia Fupi ya Istilahi za Kuzuia Mitambo

Neno ufunguo limetokana na kitenzi fungua. Waswahili walikiita kifaa hiki kwa kazi yake ya kufungua, ijapokuwa hicho hicho ndicho kinachofunga. Wajerumani, ambao reli yao ilifika Dodoma mwaka 1910, hukiita kwa jina litokanalo na kitenzi chao cha kufunga. Kufuli tulilipata kutoka Kiarabu. Komeo latokana na komea.

Maneno hayo yalitosha maadamu kilichofungwa kilikuwa mlango au sanduku. Viwanda vilipoenea, kitenzi funga kilibebeshwa mzigo mwingine. Fundi "hufunga mashine" anapoisimika. Mwendeshaji "huifunga" anapoizima. Msimamizi "huifunga" kwa kufuli ili isiguswe. Kwa hiyo tangazo lisemalo "Mashine imefungwa" mmoja aweza kulielewa kuwa mashine i tayari kwa kazi, na mwingine kuwa ni marufuku kuigusa. Kosa la namna hiyo hugharimu mkono au roho.

Ufunguo wa kielektroniki umeongeza utata. Kila mfanyakazi hupewa kadi yenye namba yake. Mashine huikubali kadi ya aliyefunzwa, huikataa ya asiyefunzwa, na huweka kumbukumbu ya saa. Lakini kadi hujibu swali moja tu: nani aruhusiwa kuendesha? Haimkingi fundi aliyeingiza mikono ndani ya mashine, kwa kuwa mwenzake mwenye kadi halali aweza kuiwasha. Ndiyo maana Marekani ilitoa kanuni mwaka 1989 kwamba kabla ya matengenezo nishati ikatwe, na swichi itiwe kufuli la yule anayetengeneza.

Mambo haya mawili yastahili majina mawili. Tunapendekeza idhini ya kuendesha kwa ruhusa iliyomo katika kadi, na kukomea mtambo kwa tendo la kuuzuia usiwake. Aliyekomea mlango huwa ndani, na wa nje hawezi kuufungua. Hali ya fundi ni hiyo hiyo. Komoa tumeliacha, kwa sababu limezoeleka kwa maana ya kumtia mtu adabu. Kuondoa komeo kunatosha. Katika matangazo ya viwandani tungependa funga liepukwe kabisa, na mahali pake pawe na simika, zima au komea, kila moja kwa maana yake.

Suala hili si la kamusi peke yake. Wanaosomea uhandisi Chimwaga, katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundishwa kwa Kiingereza, kisha huwaagiza mafundi kwa Kiswahili. Aidha, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Mfasiri wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, au wa kanuni zake, hana budi kuchagua kitenzi kimoja kwa kila tendo na kukishikilia hadi mwisho wa waraka.