Mjamzito Mwenye Kisukari Asishindishwe Njaa

Ndugu msikilizaji, mama mmoja mjamzito, jirani yangu hapa Nyasho mjini Musoma, alirudi kutoka kliniki akilia. Alikuwa ameambiwa ana kisukari cha mimba. Kabla hajarudi kwa muuguzi kupewa maelezo ya chakula, mashoga zake walimwambia aache ugali kabisa, ashindie chai ya rangi. Siku ya tatu alikuwa hoi. Ndiyo maana leo nataka tuangalie nyuma kidogo.

Kumtibu mgonjwa wa kisukari kwa njaa si jambo jipya. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima wagonjwa chakula ili wawaongezee siku. Wengi walikufa wamebaki mifupa. Basi jirani yangu alikuwa amerudishwa enzi hizo bila kujua.

Mkoa wetu wa Mara nao una historia yake katika ugonjwa huu. Mwaka 1989 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake. Walipima vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Katika watu wapatao 6,000, wenye kisukari hawakufika mmoja kati ya 100. Mwaka 1991 ikafuata taarifa ya wajawazito wa vijijini: mimba haikuwa imewapandisha sukari.

Je, siri ilikuwa nini? Kwetu Butiama na Bunda bibi zetu walisaga mtama na ulezi kwenye jiwe, pumba zikabaki humo humo. Kitoweo kilikuwa mlenda, mgagani, kunde, na kwa walio karibu na ziwa, dagaa na sato. Lakini tusijidanganye. Ugali wa muhogo ulikuwepo pia, nao ni wanga mtupu. Bibi hao walishika jembe tangu alfajiri na kuchota maji kwa miguu. Sidhani chakula peke yake ndicho kilichowalinda.

Leo Musoma na Bunda ni miji. Tunapanda bodaboda, tunakula sembe nyeupe na chipsi, na mjamzito analetewa soda eti imwongezee damu, kisha anaambiwa ale kwa watu wawili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kisukari cha mimba kwa wajawazito zaidi ya 8 kati ya 100 Dar es Salaam, na kama mmoja tu kati ya 100 kijijini.

Kwa hiyo mama asishinde njaa, wala asile kwa watu wawili. Agawe sahani yake: nusu mboga za majani, robo dagaa, samaki au maharage, na robo iliyobaki ugali wa dona au wa mtama. Ale kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, asiruke mlo. Chungwa alile zima badala ya kunywa juisi. Soda na sukari ya chai aziache. Akiruhusiwa na muuguzi, atembee kidogo baada ya kula. Sukari isiposhuka, akubali dawa atakayopewa. Insulini haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari iliyoachwa juu: mtoto hukua kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na akishazaliwa sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla.

Akishajifungua, arudi kupimwa tena kama wiki 6 baadaye, maana aliyepata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu.

Jirani yangu alirudi kliniki, akaelekezwa vizuri. Juma lililopita nilimkuta sokoni Mwigobero akichagua dagaa, huku shoga yake mmoja amembebea mchicha. Hadi wiki ijayo, kwaherini.