Fedha za Ngoma na Faini za Vijana: Habari za Notting Hill, London



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jawabu hata mkutano ukafungwa. Je, fedha za chama, tulizozichanga kwa mazishi, wagonjwa na karo, ni halali kuzitumia kumtoa kijana aliyekamatwa katika ngoma za siku kuu? Wako waliosema ndiyo, na wako waliosema aliyeyataka na ayabebe mwenyewe. Sisi tulio ofisini twaona vema, kabla ya hoja kurudi mkutanoni, tuwaeleze wanachama habari za watu wengine waliofikiwa na jambo hili hili kabla yetu, nao ni watu wa visiwa vya West Indies waliohamia Uingereza.

Watu hao walikwenda London kwa wingi baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, wakafanya kazi katika reli, mabasi na hospitali. Wengi walipanga vyumba katika mtaa wa Notting Hill, navyo vilikuwa vibovu na vya kodi kubwa. Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa Kizungu yalianza kuwavamia njiani na majumbani, na fujo ikaendelea mpaka mwanzo wa Septemba. Watu 108 walishitakiwa, Wazungu 72 na weusi 36. Vijana 9 wa Kizungu walihukumiwa kifungo cha miaka minne kila mmoja, na wengine wengi walitozwa faini. Miongoni mwa wale weusi walikuwamo waliotoka nje na silaha kwa kuyalinda makazi yao, na sheria haikuwaachilia kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo aingiapo Bibi Claudia Jones. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1915, akakulia New York, na huko akawa mwandishi na mwanasiasa wa chama cha Kikomunisti. Serikali ya Marekani ilimkamata mwaka 1948, akatolewa kwa dhamana. Baadaye akashitakiwa tena, akafungwa katika gereza la wanawake la Alderson mwaka 1955, na Desemba ya mwaka huo akafukuzwa nchini. Basi alipofika London alikuwa ameujua mlango wa gereza kwa pande zote mbili. Mwaka 1958 alianzisha gazeti la West Indian Gazette, na baada ya fujo akatoa shauri ambalo baadhi ya watu waliliona la ajabu: tufanye karnivali kama ya kwetu Trinidad.

Karnivali hiyo ya kwanza ilifanyika tarehe 30 Januari 1959, nayo haikufanyika barabarani bali ndani ya ukumbi wa St Pancras Town Hall, maana Januari huko ni baridi kali. Kulikuwa na muziki, mavazi na michezo, na BBC wakaionyesha katika televisheni. Kwa ajili ya usiku huo kilichapwa kijitabu, na ndani yake wenyeji walitangaza kwamba sehemu ya fedha za mauzo yake itasaidia kulipa faini za vijana waliohusika katika mambo ya Notting Hill, weusi na weupe pamoja.

Sisi tunaochapa kijitabu kama hiki kila mwaka tuliyasoma maneno hayo mara mbili. Kuwalipia weusi, hilo laeleweka. Lakini na wale weupe? Hao ni vijana wa makundi yale yale yaliyowatia watu hofu. Wala si kwamba Bibi Jones aliwadhania kuwa hawana kosa. Mahakama ilikwisha kuamua. Twadhani alitazama kwamba kijana maskini asiyeweza kulipa faini huingia gerezani kwa ajili ya umaskini wake, juu ya kosa lake, na kwamba mtaa ule hautapona iwapo nusu ya vijana wake watatoka jela na kinyongo. Hatuwezi kusema kila mwanachama wetu angekubali. Mwandishi wa karatasi hii mwenyewe alichukua siku kadhaa kabla ya kukubali.

Bibi Jones alifariki Desemba 1964. Ngoma ilitoka barabarani mwaka 1966, kwa juhudi za Bibi Rhaune Laslett, ikakua hata ikawa ya siku mbili, Jumapili na siku kuu ya Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Polisi nao wakaongezeka. Mwaka 1976 waliletwa askari wapatao 3,000, hali miaka ya nyuma walitosha mamia machache. Vijana weusi walikuwa wamechoshwa na sheria ya mwaka 1824 iliyomruhusu askari kumkamata mtu kwa kumshuku tu. Siku ile ya Jumatatu, tarehe 30 Agosti, askari walipojaribu kumkamata mtu aliyedhaniwa mwizi wa mifukoni, mawe yakaanza kuruka. Askari zaidi ya 100 walipelekwa hospitali, na makumi ya watu wakakamatwa. Kesi za vijana zilisikizwa mwaka uliofuata, na waliotiwa hatiani katika kesi kubwa walikuwa wachache. Sheria ile ya 1824 kuhusu kushuku ilifutwa mwaka 1981.

Novemba ya mwaka ule ule wa 1976, kwa sababu nyingine kabisa, Uingereza ilipitisha sheria ya dhamana iliyosema kwamba mshitakiwa ana haki ya kuachiliwa mpaka kesi yake isikizwe, ila kuwe na sababu ya kumzuia. Wajumbe wa kamati yetu na waangalie kifungu kimoja. Huko ni kosa kupatana na mdhamini kwamba akipoteza fedha zake utamrudishia. Sababu yake yafahamika: mdhamini asiye na hofu ya hasara hatamfuatilia kijana afike mahakamani. Faini aweza kuilipa mtu yeyote au chama chochote, lakini udhamini hutakiwa uume mfuko wa mtu mwenyewe.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haifanyi kazi, hungojwa siku ya kazi ifuatayo. Ndiyo maana kijana aliyekamatwa katika siku kuu aweza kulala korokoroni kuliko aliyekamatwa Jumanne. Kwa makosa madogo mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia kwa dhamana bila kungoja hakimu, na fedha za dhamana hutolewa stakabadhi, zikarudi kesi ikiisha iwapo mshitakiwa amehudhuria. Faini hairudi. Mtunza hazina wetu asema tofauti hiyo peke yake yatosha kuwa na madaftari mawili.

Swali la mzee wetu limewekwa la kwanza katika shughuli za mkutano ujao. Wanaotaka kuongeza neno na walete kwa maandishi ofisini kabla ya siku ya mkutano, wakieleza kama wasema juu ya dhamana, au faini, au vyote viwili.